Presha na kisukari vya ukoo: unarithi nini hasa?

Mazungumzo ya matangani mara nyingi huishia pale pale. Marehemu alikuwa na miaka 50 na kidogo, presha ilimpanda, akaanguka, na kabla jua halijachwa watu wamekwisha kuhesabu: baba yake aliondoka hivyo hivyo, na ami yake pia. Mmoja anasema ugonjwa uko kwenye damu yao. Mwingine ananong'ona habari za laana. Wadogo zake marehemu, walio na miaka 40 na kitu, wanarudi makwao wakiamini kwamba zamu yao inakuja, wafanye wasifanye. Imani hiyo nimeisikia kwa wasomi na kwa wasiosoma, na sina shaka kwamba inaua, kwa sababu mtu aliyekwisha kujihukumu haoni maana ya kwenda kupima. Tujaribu basi kutenganisha mambo: kipi kinatoka kwa wazazi, kipi kinatoka kwenye sufuria ya nyumbani, na mtu wa miaka 45 afanye nini na vyote viwili.

Selimundu na presha havina kanuni moja

Neno vinasaba wengi tumelizoea kwa sababu ya kesi za kumtafuta baba wa mtoto, sampuli zinapopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na familia nzima ikakaa kusubiri majibu. Vinasaba ni maelekezo yaliyomo katika chembe hai za mwili: yanauambia mwili utengeneze nini, lini, na kwa kiasi gani. Nusu umepewa na baba, nusu na mama. Kipande kimoja chenye kazi yake huitwa jeni, na binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazoelekeza utengenezaji wa protini.

Yapo magonjwa yanayoletwa na hitilafu ya jeni moja tu. Selimundu ndio mfano tunaoujua zaidi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa nao. Baba na mama wakiwa kila mmoja amebeba nakala moja yenye hitilafu, wao wenyewe hawaugui, lakini kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Mtoto aliyepokea nakala mbili ana selimundu tangu tumboni. Hakuna chakula kilichomletea, na hakuna mazoezi yangemzuilia.

Kisukari cha ukubwani, ambacho hospitali hukiita aina ya pili, na shinikizo la juu la damu haviendi hivyo. Wanasayansi wamekwisha kutambua mamia ya sehemu za vinasaba zinazohusika na magonjwa haya, kila moja ikiongeza au kupunguza hatari kwa kiasi kidogo sana. Hakuna jeni moja ya presha ambayo ukiipata ndio basi tena. Mkanganyiko mkubwa unaanzia hapa: watu huchukua kanuni ya selimundu wakaivisha presha.

Katikati ya makundi hayo kuna jeni chache zenye nguvu ya pekee. Mwaka 2013 mwigizaji Angelina Jolie alipotangaza kwamba ameondolewa matiti yote mawili kwa kuwa alirithi hitilafu katika jeni ya BRCA1, wengi walidhani kila saratani ya matiti ni ya kurithi. Ukweli ni kwamba wagonjwa wa namna hiyo ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Dalili za ukoo wa aina hiyo zinajulikana: ndugu wa damu wawili au watatu wa upande mmoja wenye saratani ya matiti au ya ovari, aliyeugua akiwa bado kijana, au mwanamume aliyepata saratani ya titi. Ukiwa na historia kama hiyo, muone daktari bila kungoja uvimbe.

Turudi kwenye presha na kisukari, maana ndivyo vinavyotugusa wengi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, takribani mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Tanzania alikutwa na shinikizo la juu. Hatari ya kurithi ninaielewa hivi. Ngalawa mbili zinatoka pwani moja siku moja. Moja ina ubavu ulioinuka. Ya pili ubavu wake uko karibu na maji. Bahari ni ile ile na mzigo ni ule ule, lakini ya pili ndiyo itakayoanza kuingiza maji. Nahodha wake hakuchonga yeye chombo hicho. Lililo mikononi mwake ni kiasi cha shehena atakayopakia, na mara ngapi atainama kutazama maji yamefika wapi. Jirani anayekula chipsi kila usiku na presha yake ikawa sawa amepewa ubavu ulioinuka, na wewe usiye nao ukimwiga utazama. Hata yule babu anayetajwa kila mara, aliyevuta sigara akafika miaka 90, yumo katika hesabu hiyo. Anatajwa kwa sababu alibaki. Wenzake waliovuta naye hawapo wa kutajwa.

Kilichotokea kwa vijana waliohamia Nairobi

Kuna utafiti uliofanyika Kenya ambao ningependa kila familia yenye hofu ya presha iusikie. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1990. Watafiti waliwafuatilia vijana wa Kijaluo kutoka vijiji vya wakulima kandokando ya Ziwa Viktoria, mahali ambapo presha za watu zilikuwa chini. Baadhi yao walihamia Nairobi kutafuta maisha. Wenzao wa rika moja wakabaki kijijini. Vinasaba vya mtu havibadiliki akipanda basi la Nairobi. Hata hivyo presha za waliohamia zilikuwa juu kuliko za waliobaki, na tofauti ilijitokeza mapema, wakiwa bado wageni mjini.

Mkojo wao ulieleza sehemu ya sababu. Sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, ilikuwa nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu, madini tunayoyapata kwenye mboga za majani, kunde, ndizi na viazi. Potasiamu huisaidia figo kutoa chumvi na huilegeza mishipa ya damu. Kijana alikuwa ameacha chakula cha shambani na kuingia kwenye chakula cha kununua, na mishipa yake ilitambua mabadiliko hayo kabla yake yeye mwenyewe.

Angalia sasa nyumba zetu. Watoto hurithi vinasaba vya mama, na hurithi pia mkono wake wa chumvi, chai yenye vijiko vitatu vya sukari, na mazoea ya kumpa mwanamume mlima wa ugali kama heshima. Kisukari kikionekana kwa mama, kwa binti, na kwa mjukuu, tunasema damu. Lakini mwaka 2014 watafiti waliounganisha tafiti kadhaa walikuta kwamba mtu aliyeoana na mwenye kisukari alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kukipata yeye pia, kwa takribani asilimia 26. Mume na mke hawana damu moja. Wana meza moja.

Haimaanishi kwamba ukoo hauna uzito. Makadirio yanayotumika sana kwenye tiba ni kwamba mtu ambaye mzazi wake mmoja ana kisukari cha ukubwani ana uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kukipata maishani, na ambaye wazazi wake wote wanacho, karibu asilimia 70. Ni namba nzito, na mtu asizichukulie kwa wepesi. Ila hizo ni namba za watu walioishi kama kawaida. Marekani waliwachukua watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, wakaligawa kundi. Sehemu moja ilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Majibu yalitoka mwaka 2002: baada ya karibu miaka mitatu, waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 kuliko wasiosaidiwa hivyo. Waliopewa metformini, dawa ya kushusha sukari, walipungua kwa asilimia 31. Kisha, mwaka 2006, vinasaba vya washiriki vikaangaliwa. Hata waliobeba jeni ya kawaida yenye mchango mkubwa zaidi katika kisukari walinufaika na mabadiliko yale ya maisha.

Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 80 haifiki kilo 6, na dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Anayekwenda dukani kwa miguu akaacha bodaboda anakaribia.

Kwa nini miaka ya 40 na 50

Watu huniuliza kama ugonjwa ulikuwa umelala tangu utotoni, mbona hukuamka akiwa na miaka 25. Jibu liko kwenye misuli, kwanza kabisa. Baada ya kula, sehemu kubwa ya sukari iliyoingia kwenye damu hufyonzwa na misuli, kwa msaada wa homoni ya insulini inayotoka kwenye kongosho. Kuanzia miaka ya 30 misuli huanza kupungua taratibu kwa mtu asiyeitumia, na mafuta huhamia tumboni na kwenye ini. Sukari ile ile sasa inadai insulini zaidi. Kongosho lenye akiba kubwa hulipa deni hilo miaka mingi bila matatizo. Lenye akiba ndogo, na hapa ndipo urithi unapoingia, huchoka mapema. Ndiyo maana mtu mwembamba naye hupata kisukari: huenda kongosho lake lilikuwa dhaifu tangu mwanzo, au mafuta yake yamejificha ndani yasionekane kwenye nguo.

Mishipa ya damu nayo hukakamaa kadiri umri unavyosogea. Kwa wanawake kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka, na baada ya hapo presha na lehemu (kolesteroli) mara nyingi hupanda. Mama aliyeambiwa maisha yake yote kwamba ana presha ya kushuka anaweza kufika miaka 53 akiwa na presha ya juu asijue, kwa kuwa aliacha kupima tangu alipomaliza kuzaa. Kliniki ya wajawazito ndiyo ilikuwa ikimpima.

Na umri huo huo ndio wa kukalia kiti. Cheo kimepanda, gari limepatikana, vikao vina soda na vitafunwa, na shamba analima mwingine.

Muulize shangazi

Kama kuna jambo moja ningetaka ulifanye mwezi huu, ni kuijua historia ya afya ya ukoo wako kwa undani kuliko "kwetu kuna presha". Wanaohesabiwa kwanza ni wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto, kisha mababu, ami, wajomba, mashangazi na mama wadogo. Na si jina la ugonjwa peke yake: umri alioanza kuugua una maana kubwa zaidi. Baba aliyepata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 80 hakuongezei hatari sana. Aliyepata kabla ya 55, au mama kabla ya 65, anaiongeza.

Ugumu ni kwamba wazee wetu wengi walifariki bila jina la ugonjwa kuandikwa popote. Aliyebaki na habari ni bibi au shangazi, na habari zake ziko katika lugha ya macho yake. Mkalishe kwa utulivu: "Shangazi, babu alisumbuliwa na nini kabla ya kufariki?" Usimkatize. Akisema alikuwa na kidonda mguuni kikakataa kupona hadi mguu ukakatwa, fikiria kisukari. Akisema aliamka mdomo umekwenda upande na mkono mmoja haufanyi kazi, hicho ni kiharusi, na nyuma ya kiharusi mara nyingi kuna presha, hata kama watu walisema karogwa. Uso na miguu iliyovimba kwa miezi inaelekeza kwenye figo au moyo. Aliyekuwa akiamka usiku kukojoa mara nyingi, mkojo ukatoka kidogo kidogo, huenda alikuwa na tezi dume. Aliyepofuka polepole bila maumivu, kuanzia pembeni, akawa anajikwaa kwenye viti, huenda alikuwa na presha ya macho. Hizi ni dalili za kuelekeza, hazithibitishi kitu, lakini daktari akizisikia atajua aanzie wapi.

Yapo pia ambayo ukoo utayadai na si yake. Saratani ya shingo ya kizazi inaweza kumpata mama na binti, na watu wakasema ni ya damu, lakini karibu zote husababishwa na kirusi cha HPV. Tanzania ilianza kuwapa wasichana chanjo yake kitaifa mwaka 2018, na mwanamke wa miaka 30 hadi 50 anaweza kuchunguzwa kwa kipimo rahisi kinachotumia siki. Kufanana sura nako hakusemi kitu. Binti aliyechukua pua na rangi ya mama anaweza kuwa amechukua kongosho la baba.

Kutazama maji

Presha haina dalili kwa wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu, na karibu nusu yao hawajui. Anayengoja kichwa kiume ndipo apime anangoja kitu ambacho huenda kisije. Mwenye historia ya ukoo apime angalau mara moja kwa mwaka, zahanati au kwenye kambi za upimaji, na kipimo kifanywe vizuri: kaa dakika tano, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiongee, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Ikisoma 140/90 au zaidi, rudi siku nyingine wathibitishe. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) na ikathibitishwa, hicho ni kisukari. Ikiwa chini ya hapo lakini imepita 6.0, uko mahali walipokuwa wale Wamarekani, na huo ndio wakati ambao juhudi ina faida kubwa kuliko wakati wowote.

Mwanamume ambaye baba au kaka yake alipata saratani ya tezi dume ana hatari takribani mara mbili, na anapofika miaka 45 amuulize daktari kuhusu uchunguzi. Wengi hukimbia kwa kuogopa kidole. Uchunguzi unaweza kuanza kwa kipimo cha damu. Saratani ya utumbo mpana ikiwa imempata mzazi au ndugu, uchunguzi wako unatakiwa kuanza ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua yeye, lolote litakalotangulia.

Kwenye chakula nitasema machache kwa sababu mengi unayajua. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, papa mkavu na vipande vya kiungo cha supu. Dona inakaa tumboni kuliko sembe. Na kisukari hakitokani na sukari ya chai peke yake. Sahani kubwa ya wali inayofuatwa na kiti hadi usiku nayo inaleta sukari.

Linaloniumiza zaidi ni hili la dawa. "Ukianza vidonge vya presha huachi tena, bora usianze." Kidonge hakimfungi mtu. Presha hurudi mtu akiacha kwa sababu ubavu wa chombo chake ni ule ule, na dawa ndiyo iliyokuwa ikiyazuia maji. Wapo wanaotembea kila siku, wanakula vizuri, na bado presha yao haishuki, kwa kuwa sehemu waliyorithi ni kubwa. Kumeza kidonge kwao ni busara, na kukiacha kwa sababu "leo najisikia vizuri" ndiko kunakoleta kiharusi. Anayependa mlonge au kitunguu swaumu amwambie daktari wake, asiviweke mahali pa dawa. Anayesali asali, na apime.

Kisha, ukipata majibu, usiyafiche. Mtu akigunduliwa kuwa na kisukari au saratani huwa anawaficha ndugu ili asionekane mgonjwa, na wao wanakosa taarifa ambayo ingewapeleka kupima mapema. Presha ya macho ndiyo inayoonyesha hasara hiyo waziwazi. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kongwa, Dodoma, uliikuta kwa takribani watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa kuanzia miaka 40. Huiba uono kimyakimya, kilichopotea hakirudi, lakini ikikamatwa mapema matone au upasuaji huhifadhi kilichobaki, na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa wako kwenye hatari kubwa kuliko watu wengine. Ukiambiwa unayo, wapigie simu kaka na dada zako siku hiyo hiyo, uwaambie jina la ugonjwa na umri wako, na uwaambie waende kliniki ya macho hata kama wanaona vizuri.